Umbo Lipi Ndilo la Asili? Michezo ya Kale kwenye Skrini za Leo

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kauli hii tumezoea kuitumia tunapojadili lugha, mavazi na mila. Katika makala haya nakusudia kuielekeza mahali ambapo sisi wanafunzi wa fasihi hatuna mazoea ya kuielekeza: kwenye michezo ya tarakilishi ya miaka ya 1980 na 1990, na hasa jinsi picha zake zinavyoharibika zinapoenezwa kwenye skrini nzima ya mashine za leo. Huenda wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la mafundi. Mimi nashikilia kwamba ni suala la uhariri, na kwamba mtu aliyewahi kushughulikia hati za kale za Kiswahili ana la kusema juu yake.

Tuchukue mfano mmoja. Prince of Persia ni mchezo uliobuniwa na Mmarekani Jordan Mechner. Ulitolewa mwaka wa 1989 kwa mashine ya Apple II, na mwaka wa 1990 kwa tarakilishi zilizotumia mfumo wa DOS. Hadithi yake ina harufu ya Alfu Lela U Lela: sultani yuko vitani mbali, waziri wake Jaffar anampa binti mfalme saa moja achague kuolewa naye au kufa, na kijana aliye kifungoni ana dakika hizo 60 za kumwokoa. Maneno katika mchezo huu ni machache mno. Kinachosimulia ni mwili: kijana anavyokimbia, anavyoruka shimo, anavyoning'inia ukingoni. Ili kuupata mwendo huo, Mechner alimpiga picha za video ndugu yake mdogo akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo moja baada ya nyingine. Kwa mintarafu hii, anayeuharibu mwili huo ameiharibu lugha ya kazi yenyewe.

Tarakilishi za leo haziendeshi programu za DOS moja kwa moja. Anayetaka kuucheza mchezo huo hutumia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya kale ndani ya mashine mpya. Mojawapo ya emuleta mashuhuri ni DOSBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2002. Mtumiaji hubonyeza Alt na Enter kwa pamoja ili picha ienee skrini nzima, na hapo ndipo masaibu huanza. Wakati mwingine skrini huwa nyeusi tititi. Wakati mwingine picha hubaki ndogo katikati ya giza. Wakati mwingine hutanuka kushoto na kulia, na yule kijana mwembamba akageuka kibonge.

Chanzo ni nini? Michezo mingi ya DOS ilichorwa kwa nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu. Monita za wakati huo zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na nukta hizo zilienea kioo kizima. Ukipiga hesabu utaona kwamba nukta hizo hazikuwa za mraba: kila moja ilikuwa na urefu uliozidi upana wake mara 1.2. Skrini nyingi za leo zina uwiano wa 16 kwa 9 na nukta zake ni za mraba. Katika skrini ya nukta 1920 kwa 1080, picha sahihi huchukua 1440 kwa 1080, na kila upande hubaki utepe mweusi wa nukta 240. Ikilazimishwa kujaza skrini, picha huongezeka upana kwa thuluthi moja. Mduara huwa yai.

Jambo ninalotaka wanafunzi wenzangu walizingatie ni hili: umbo la 4 kwa 3 halimo ndani ya faili la mchezo. Mna nukta tu. Umbo lilitiwa na monita. Je, hali hii si ngeni kwetu? Hati za kale za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida hazikutofautisha e na i, wala o na u. Msomaji wa Lamu au Pate aliyeijua lugha alizitia tofauti hizo mwenyewe aliposoma. Anayezihamishia hati hizo kwenye herufi za Kirumi hana budi kuamua kila neno lisomwe vipi, na akiamua vibaya atatupa neno ambalo mtunzi hakulitunga. Emuleta nayo ni mhariri wa namna hiyo. Inapokea maandishi yasiyokamilika na kuyakamilisha kwa niaba yetu, aghalabu bila kutuarifu.

Kwa bahati njema, uamuzi huo unaweza kurekebishwa. Katika DOSBox toleo la 0.74, mipangilio imo katika faili la maandishi ya kawaida. Skrini ikiwa nyeusi, yawezekana emuleta inaiomba monita ipokee vipimo vya kale ambavyo monita haivikubali; andika fullresolution=desktop ili itumie vipimo vya skrini yako. Picha ikibaki ndogo katikati, tazama mstari wa output: thamani ya surface haiikuzi picha hadi vipimo hivyo, ilhali opengl huikuza. Hatimaye, andika aspect=true ili uwiano wa kale urejeshwe. Katika toleo hilo mstari huu umewekwa false tangu mwanzo, kwa hivyo asiyeugusa ataletewa umbo lisilo la asili akidhani ndilo lenyewe.

Hata hivyo, marekebisho hayo hayamalizi kila tatizo. Kutoka 320 hadi 1440 ni mara nne na nusu, na kutoka 200 hadi 1080 ni mara 5.4. Kwa kuwa nukta ya skrini haikatwi vipande, baadhi ya nukta za mchezo hupata upana wa 4 na jirani zake 5, na picha inaposogea huonekana kama inatetemeka. Dawa mojawapo ni kulainisha kingo na kupoteza ukali kidogo. Nyingine ni kukubali picha ya 1280 kwa 1000, ambapo kila nukta hupata 4 kwa 5 bila baki, ingawa upana hupungukiwa kwa asilimia 4. Kila njia ina gharama yake, kama ilivyo katika tafsiri.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mchezo ni burudani, na kwamba mwenye skrini pana ana haki ya kuijaza. Sina ugomvi na anayecheza sebuleni kwake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wachoraji wengine hawakuzingatia umbo la nukta, hasa picha zilipohamishwa kutoka mashine za aina nyingine, kwa hivyo kurejesha 4 kwa 3 kunaweza kurefusha kile ambacho mchoraji alikichora sawasawa. Pingamizi hili ni la kweli, nami naliona linaunga mkono hoja yangu. Kanuni moja haitoshi. Inafaa kutafuta ndani ya mchezo kitu ambacho umbo lake linajulikana, mathalani gurudumu, sarafu au mwezi mpevu, na kukipima kabla ya kuamua. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri: kushuku, kulinganisha, kisha kuchagua.

Athari za kupuuza jambo hili si ndogo. Fasihi ya kidijitali ni uwanja ulio wazi kwa watafiti wetu, na anayeuingia ataweka picha za skrini katika tasnifu yake. Akisema kwamba mhusika fulani amechorwa mnene na mzito ili kuashiria shibe au uvivu, kumbe unene huo umetokana na skrini iliyotanuliwa, uhakiki wake wote utakuwa umejengwa juu ya mchanga. Msimamizi asiyejua tatizo hili hataweza kumwokoa.

Napendekeza basi desturi moja rahisi. Mhariri wa utenzi hututajia hati aliyoitumia na namna alivyozisoma irabu zake. Vivyo hivyo, anayeandika kuhusu mchezo wa kale ataje toleo la mchezo, emuleta na namba yake, na uwiano wa picha alioutumia. Ni mistari miwili tu katika sura ya mbinu za utafiti, lakini itamwezesha msomaji kujua kama anachokiona ni kazi ya mtunzi au ni kazi ya kioo kipya. Ile tepe nyeusi pembeni isituudhi. Kurasa za vitabu vyetu vya ushairi zina nafasi tupu kila upande wa beti, na hakuna aliyewahi kudai beti zitanuliwe zijaze karatasi.