Ushahidi wa Viti Vitupu

Mnunuzi aliyeuziwa nguo mbovu dukani huenda duka la pili, na mwenye duka la kwanza hulijua kosa lake jioni anapohesabu fedha. Shabiki wa timu hana duka la pili. Mtu aliyepelekwa uwanjani na baba yake angali mdogo, akayajua majina ya wachezaji kabla ya kuijua hesabu ya kuzidisha, hawezi kuamka asubuhi moja akawa shabiki wa timu ya mji mwingine kwa kuwa huko wanashinda. Kifungo hiki cha moyo ni utajiri wa mwenye timu, maana humpa wateja wasiohama. Lakini ni udhaifu wa shabiki, maana humweka chini ya hiari ya mtu asiyemjua. Yafaa kuulizwa, basi, mwenye timu ana deni gani kwa watu wa namna hii. Habari ya Athletics, timu ya besiboli iliyokaa Oakland, katika jimbo la California nchini Marekani, tangu mwaka 1968 hata mwaka 2024, inalijibu swali hilo kwa mfano mbaya, na mfano mbaya aghalabu hufundisha upesi kuliko mwema.

Timu hii haikuzaliwa Oakland. Ilianza Philadelphia mwaka 1901, ikahamia Kansas City mwaka 1955, na baada ya miaka 13 ikafika pwani ya magharibi. Huko ilipata heshima kubwa. Ilitwaa ubingwa wa Marekani mara tatu mfululizo, mwaka 1972, 1973 na 1974, kisha ikautwaa tena mwaka 1989. Mwaka 1990 watu karibu milioni 2.9 waliingia katika uwanja wake, Coliseum. Rickey Henderson, kijana aliyekulia mjini humo humo, aliichezea timu ya nyumbani akawa hodari wa kuiba vituo kuliko mtu yeyote aliyepata kuucheza mchezo huo. Katika besiboli wizi wa namna hii ni sifa: mchezaji hukimbia kutoka kituo hata kituo mpira ungali mkononi mwa adui. Henderson aliiba vituo 1,406, na hesabu hiyo haijafikiwa na mwingine. Mji uliomlea mtu kama huyo hauwezi kuambiwa kuwa haukuujua mchezo wala haukuupenda.

Ni kweli kwamba Athletics haikuwa timu tajiri. Mwaka 2002 mishahara ya wachezaji wake ilikuwa karibu dola milioni 40, wakati New York Yankees walilipa karibu dola milioni 125. Hata hivyo timu zote mbili zilishinda michezo 103 mwaka huo, na katika hiyo Athletics walishinda 20 mfululizo. Viongozi wa timu waliwatafuta wachezaji waliodharauliwa na wengine, wakapima kwa hesabu mambo ambayo wazee wa mchezo waliyapima kwa macho, na umaskini wao ukawa kama jiwe la kunolea akili. Michael Lewis aliandika kitabu juu yao, Moneyball, kilichotoka mwaka 2003, na sifa za ubanifu wao zikaenea duniani.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ubanifu wa mwaka 2002 ulikuwa njia ya kutafuta ushindi. Ubanifu uliofuata miaka 20 baadaye ulikuwa umeusahau ushindi. Mwaka 2005 timu ilinunuliwa na Lew Wolff pamoja na John Fisher, mwana wa waanzilishi wa maduka ya nguo ya Gap, na tangu mwaka 2016 madaraka yakawa mikononi mwa Fisher. Mwanzoni palikuwa na tumaini. Timu ilishinda michezo 97 mwaka 2018, na 97 tena mwaka 2019. Kisha, badala ya jengo kuongezwa matofali, lilianza kubomolewa. Kabla ya msimu wa 2022 Matt Olson alipelekwa Atlanta, Matt Chapman akapelekwa Toronto, Chris Bassitt akaenda New York, Sean Manaea akaenda San Diego. Kabla mwaka haujaisha Frankie Montas na Sean Murphy nao walikuwa wamekwenda. Waliopokewa kwa kubadilishana nao walikuwa vijana ambao wengi wao walihitaji miaka ya kujifunza. Bei za tikiti za msimu zilipandishwa wakati ule ule. Mwaka 2022 timu ilishindwa michezo 102. Mwaka 2023 ilishindwa 112 ikashinda 50 tu, na mishahara yake ilikuwa ya chini kuliko ya timu zote 30 za ligi kuu.

Haikuwa ajabu watu walipopungua. Mwaka 2022 waliofika Coliseum kwa msimu mzima hawakutimia 800,000. Hapo ndipo ilipotolewa hoja ya kwanza ya utawala wa timu na watetezi wake: Oakland haistahili kuwa na timu, kwa sababu watu wake hawaji uwanjani. Hoja hii ni ya mkulima anayelinyima shamba maji mwaka mzima, kisha akawaita majirani waje kuushuhudia ukame. Viti vitupu havikuwa chanzo cha unyonge wa timu. Vilikuwa matunda yake. Jioni moja ya Oktoba 2019, timu ilipokuwa njema na mchezo ukiwa wa kufa na kupona, watu 54,005 waliujaza uwanja ule ule unaosemwa kuwa haukupendwa.

Mashabiki wenyewe waliijibu hoja hiyo kwa njia ambayo haitasahaulika upesi. Tarehe 13 Juni 2023 walikubaliana kwenda uwanjani kwa wingi, kinyume cha mgomo wa kawaida, ili wingi wao uwe ndio malalamiko. Walifika watu 27,759. Wengi walivaa fulana za kijani zilizoandikwa neno moja la kumtaka mwenye timu aiuze, na neno hilo wakalipaza kwa sauti moja katikati ya mchezo. Timu ile dhaifu ilishinda mchezo wake wa saba mfululizo usiku huo. Kamishna wa besiboli, Rob Manfred, alipoulizwa, alisema ni jambo zuri kuona umati unaokaribia kuwa wa wastani katika ligi. Yamkini alitaka kufanya mzaha. Lakini mzaha wa mwenye nguvu mbele ya mtu anayenyang'anywa una ukali kuliko tusi, kwa sababu tusi hukiri walau kwamba kuna ugomvi.

Hoja ya pili ni ya uwanja. Coliseum ilifunguliwa mwaka 1966, na hapana mtu mkweli atakayesema kuwa ilikuwa ingali inafaa. Mwaka 2013 maji machafu ya mabomba yalifurika hata vyumba vya wachezaji. Kadhalika serikali ya mji ilikuwa na shida zake, na mazungumzo yake na timu yalikwenda polepole. Yote haya ni kweli, na shabiki ndiye aliyeyajua kwanza, maana ndiye aliyekaa katika viti vile. Lakini timu yenyewe iliutangazia mji mwaka 2018 mpango wa uwanja mpya kando ya bandari, mahali paitwapo Howard Terminal, na kwa miaka kadhaa ilijitangaza kwa maneno kuwa ina mizizi Oakland. Aprili 2023, mazungumzo yakiwa bado hayajafungwa, ilitangaza kuwa imepata ardhi Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Siku mbili baada ya mashabiki kupiga kelele zao Coliseum, gavana wa Nevada alitia sahihi sheria ya kutoa msaada wa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa huko. Novemba 2023 wenye timu wote 30 walipiga kura, na kura zote zikakubali kuhama. Mti wenye mizizi hauhami kwa sababu jirani ameahidi mbolea.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo husema hivi: timu ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali ana hiari ya kuifanyia apendavyo. Mbele ya sheria hoja hii ina nguvu. Lakini mali yenyewe ni ya namna gani? Mwenye kiwanda hushindana na wenye viwanda wengine, na akifanya kazi mbovu hufilisika. Besiboli ya Marekani si soko la namna hiyo. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1922, mchezo huu umekingwa na sheria zinazozuia wafanya biashara kuhodhi soko, kinga ambayo michezo mingine mikubwa ya huko haikupewa. Idadi ya timu imefungwa, wala timu mpya haiingii kwa kushinda. Mpenzi wa mpira wa miguu anajua kuwa timu iliyofungwa mno hushuka daraja. Timu ya besiboli iliyoshindwa mara 112 haishuki popote. Hubaki mahali pake, hupata fungu lake katika fedha ya televisheni ya ligi, na hupata nafasi njema ya kuchagua vijana wapya. Kushindwa, ambako kwa shabiki ni huzuni ya miezi sita, kwa mwenye timu kwaweza kuwa msimu wa gharama ndogo.

Mtu anayekingwa na sheria ya umma, akasaidiwa na fedha ya umma, akatajirishwa na mapenzi ya umma, hawezi kuyapokea yote hayo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaufungia umma mlango akisema mali hii ni yangu peke yangu. Kiswahili kina neno la kitu cha namna hii: amana. Mwenye kuwekewa amana hukishika kitu, hukitumia pengine, hata hupata faida. Lakini hana ruhusa ya kukiharibu makusudi ili apate sababu ya kukiondoa. Wabunge wawili wa California, Barbara Lee na Mark DeSaulnier, walipeleka mswada katika Bunge la Marekani mwaka 2023 ili mwenye timu ya besiboli anayehama aufidie mji anaouacha. Mswada haukuwa sheria, lakini msingi wake ulikuwa wa haki: anayevunja ahadi na alipe thamani yake.

Kama palikuwa na shaka yoyote kwamba umaskini wa miaka ya mwisho ulikuwa wa kuchaguliwa, shaka hiyo iliondolewa na utawala wenyewe. Tarehe 26 Septemba 2024 Athletics walicheza mara ya mwisho Coliseum, wakawashinda Texas Rangers 3 kwa 2 mbele ya watu 46,889. Walihamia Sacramento kwa muda, katika uwanja mdogo wa watu karibu 14,000, wakingoja uwanja wa Las Vegas ambao ulianza kujengwa mwaka 2025 na kutarajiwa kufunguliwa mwaka 2028. Desemba 2024, miezi mitatu haijatimia tangu kuiaga Oakland, timu ilimwandikia mrushaji Luis Severino mkataba wa dola milioni 67 kwa miaka mitatu, uliokuwa wakati huo mkubwa kuliko wote tangu timu iundwe. Fedha iliyosemwa kuwa haipo katika uwanja wa watu elfu hamsini ilionekana katika uwanja wa watu elfu kumi na nne.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni mchezo tu, na kwamba mtu mzima anayelia kwa ajili ya mchezo ana utoto. Wayatazame mambo kwa macho ya Oakland. Timu ya mpira wa kikapu, Warriors, ilivuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019. Timu ya futboli ya Kimarekani, Raiders, ilikwenda Las Vegas mwaka 2020. Athletics ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Katika mji ambao maskini na tajiri hawakai mtaa mmoja wala hawasomi shule moja, uwanja ulikuwa mojawapo ya mahali pachache walipoketi bega kwa bega na kutaka jambo moja. Anayewaondolea watu mahali hapo hawaondolei burudani peke yake.

Shabiki wa Oakland hakudai ubingwa kila mwaka. Alivumilia kushindwa mara nyingi, na angalivumilia tena, lau angeona kuwa wenye madaraka wanataka kushinda kama yeye. Kelele zake za kumtaka mwenye timu aiuze zilikuwa hukumu ya mtu aliyeuona mchezo kwa miaka 50, akajua tofauti ya aliyeanguka na aliyejilaza chini. Baada ya hukumu hiyo kudharauliwa, baadhi yao walirudi katika kazi ya mwanzo kabisa. Timu ndogo isiyo ya ligi kuu, Oakland Ballers, ilianza kucheza mwaka 2024 katika uwanja wa Raimondi Park, magharibi mwa mji. Mashabiki zaidi ya 2,000 walinunua hisa zake, na mwaka 2025 ikautwaa ubingwa wa ligi yake. Uwanja wake ni mdogo, na wachezaji wake hawajulikani mbali. Lakini wenye kuketi katika viti vyake ni baadhi ya wenye timu, na hakuna atakayeweza kuvitumia viti hivyo kuwa ushahidi juu yao.