Naipenda Kenya, siupendi ukabila wake
Ukitaka kuona tunavyoipenda Kenya, keti na watu wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, timu ya taifa ikicheza: Mluo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya na Mkisii hushangilia kwa sauti moja. Kesho yake mmoja wao akienda kutafuta chumba cha kupanga, mara nyingi huulizwa jina lake la pili kabla ya kuulizwa kazi yake. Tabia hii tunaichekea, ilhali katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, ndiyo iliyoamua nani achomewe nyumba na nani ahame Nakuru, Kaptembwo ikiwemo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kikabila, na Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini hadhi ya jiji haifuti maneno ya kikabila tunayoyasema sebuleni. Wapo wanaodai kuyasema haya ni kuichafulia nchi jina. Hapana, anayeficha donda la mzazi wake hampendi. Landilodi, uliza kodi na mwenendo wa mpangaji, kwani kabila halilipi bili ya maji. Nawe mzazi, chunga ulimi wako mbele ya watoto, maana uchaguzi wa 2027 hauko mbali.