Usione haya kumwambia daktari anawe

Msomaji, je, jamaa yako akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, huogopa nini? Wengi huogopa ugonjwa uliompeleka huko. Wachache hufahamu kwamba anaweza kuambukizwa mwingine akiwa pale pale kitandani.

Mgonjwa mahututi ni dhaifu. Ana mpira wa kupumulia kooni, mwingine wa mkojo, na sindano mshipani. Yote hayo huwapa bakteria njia ya kuingia mwilini. Acinetobacter baumannii huweza kuishi kwa majuma kadhaa juu ya chuma cha kitanda, hadi aguswe na mkono utakaombeba. Baya zaidi, baadhi ya bakteria hao, pamoja na Klebsiella pneumoniae, hawauawi tena hata na dawa kali za kundi la kabapenemu. Mwaka wa 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwaweka wote wawili katika daraja la juu la hatari.

Ripoti ya WHO ya 2022 ilieleza kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, 15 huambukizwa hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Nao utafiti wa CHAMPS kuhusu vifo vya watoto, uliofanywa pia Kisumu na Siaya, umeitaja Klebsiella miongoni mwa viini vinavyoua mara nyingi.

Tumelelewa kumheshimu daktari, na hilo ni jema. Lakini heshima isitufunge mdomo. Mwaka wa 1847 mjini Vienna, Dkt. Ignaz Semmelweis aliagiza madaktari na wanafunzi wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima akina mama. Vifo vya wazazi vikapungua sana, ingawa wenzake wengi walikasirika.

Kwa hivyo, sema kwa upole: "Daktari, tafadhali nawa kwanza." Nawe uliyetoka Kondele au Homa Bay kumjulia hali mgonjwa, nawa uingiapo na utokapo, wala usikae kitandani pake. Pia, acha kununua dawa za bakteria bila kuandikiwa na daktari, kwani mazoea hayo ndiyo huwafanya wawe sugu.

Kwa wakuu wa kaunti zetu za ziwani: muuguzi hawezi kunawa kwenye mfereji mkavu. Maji na sabuni wodini si anasa. Kinga ni bora kuliko tiba, hasa tiba yenyewe inapoanza kushindwa.