TUSIMCHEKE ANAYEKOROMA



Munanijua: ni mimi kapita wa nyumba ya kulala, ninayeandika majina ya wenye kusinzia darasani. Leo ninaandika kosa langu mwenyewe.

Kuna ndugu mmoja kati yetu, mwenye mwili mkubwa, ambaye kila siku alisinzia kwenye somo la kwanza. Nilimwandika mara tatu, na mara tatu alichota maji ya jikoni. Tulimwita mvivu. Usiku alikoroma kama mashini ya kusaga unga, na sisi tulicheka. Lakini usiku moja nilikuwa macho sababu ya mtihani. Nikasikia anakoroma, kisha kimya. Nikahesabu mpaka 18, hakuna pumzi. Ndipo akashtuka kama mtu anayetolewa majini, akavuta hewa, akakoroma tena. Ikarudi hivyo, tena na tena. Niliogopa sana.

Asubuhi nilimuuliza muganga wetu. Alisema: wakati wa kulala misuli inalegea, hata ya ulimi na ya koo. Mtu akinona sana, mafuta hayakai tumboni tu. Yanaingia shingoni na hata ndani ya ulimi. Njia ya hewa inakuwa ndogo, ulimi mzito unarudi nyuma, njia inafungika. Ubongo unamwamsha kidogo apumue, na asubuhi hakumbuki kitu. Pumzi ikikatika sekunde 10 ao zaidi, na mara 5 ao zaidi kwa saa, hiyo si kawaida. Kwa wengine inapita mara 30 kwa saa! Sasa mtu huyo amelala saa ngapi? Tena anaweza kupata tansio, na kama ni shofere wa kamio kwenye njia ya Sake mpaka Walikale, anaweza kuua watu.

Hapa kwetu mtu akirudi kutoka Goma amenona, tunamwambia: «Uko na amani! Uko na feza!» Ninaelewa. Watu walioona vita na njaa wanafurahi kuona mwili. Lakini kunona kupita kiasi si afya. Na wembamba wasijivune: mwenye taya ndogo ao mafindofindo makubwa naye anaweza kushikwa.

Dawa iko? Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Australia alieleza mashini inayosukuma hewa puani ili koo lisifungike. Lakini inaomba umeme usiku wote, na vijiji vyetu vingi havina. Basi tushike yaliyo karibu: kupunguza uzito polepole, kulala kwa ubavu, kuacha kasiksi ya jioni, maana pombe inazidi kulegeza misuli. Kule Brazil, mwaka 2009, watafiti walionyesha kwamba wagonjwa waliozoeza ulimi, koo na misuli ya uso kila siku kwa miezi 3, ugonjwa wao ulipungua zaidi ya theluthi moja. Haukuisha, lakini ulipungua.

Mawazo yangu ni haya: kapita aulize kwanza, kisha aandike. Ukisikia pumzi ya mwenzako inakatika, usimtupie kiatu. Mugeuze kwa ubavu, na asubuhi umupeleke kwa muganga.

Mimi nimekwisha kumuomba ndugu yetu radhi. Jina lake nimelifuta. Na siku tatu za maji, nitazichota mimi.

Kapita wenu, finalisti