Njaa ya wenye vyeti

Mwanafunzi wa Nyeri akiuliza habari za kukata tamaa katika fasihi, upesi ataelekezwa kwa Hugo wa Ufaransa au Dostoevsky wa Urusi. Sawa, lakini Nanyuki ni karibu zaidi. Meja Mwangi, aliyezaliwa huko mwaka 1948, alitoa riwaya ya Kill Me Quick mwaka 1973, miaka kumi tu baada ya uhuru. Humo Meja na Maina, vijana waliomaliza shule, wanazunguka Nairobi na vyeti vyao bila kazi, wanalala vichochoroni na kula vya mapipani, na hatimaye jela inawazoea. Njaa wanaivumilia, aibu ya kurudi kwa wazazi mikono mitupu ndiyo inayowamaliza. Wapo watakaomtaja mwandishi mwingine wa karibu, Gakaara wa Wanjau wa Karatina, aliyekamatwa na wakoloni 1952 na kuandika shajara kwa siri kizuizini. Ilichapishwa kwa Kikuyu 1983, ikatwaa Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Ila Gakaara alimjua adui yake kwa jina: mkoloni. Meja na Maina hawana hata wa kumlaumu, na kwangu mimi riwaya yao ndiyo nzito zaidi, hata wazee wa Karatina wakinigombeza.