Mlima, Kuni na Wageni

Mwezi huu tuzungumze habari ya kuni, nasi twende Mang'ula, kaskazini ya Ifakara, ambako milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta nyuma ya mashamba ya mpunga na miwa.

Milima hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Wageni hutoka mbali kuyaona maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, na kima aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 na ambaye hapatikani popote duniani ila huko. Wageni hawa hawazunguki kwa gari kama wale wa Mikumi, bali hupanda kwa miguu. Ndiyo maana fedha yao inaweza kugusa mikono mingi: kijana anayeongoza njia, mwenye nyumba ya kulala wageni, mama lishe, na mama muuza ndizi.

Lakini tuseme kweli. Kabla mgeni hajaujua mlima, mama wa kijijini aliujua kwa mzigo wa kuni kichwani. Hata hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu za juma kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa ili kuulinda msitu. Mgeni akaendelea kupanda, mama akabaki chini na mafiga yake matatu. Nayo maharage hayaivi kwa kutazama maporomoko!

Je, tudai msitu ufunguliwe? Hapana. Msitu ndio unaoipokea mvua na kuiachia kidogo kidogo. Mto Lumemo unaofika Ifakara unatoka milimani humo, na waliokaa kando yake wanajua unavyokuwa ukijaa. Tukiumaliza msitu, kiangazi tutakosa maji na masika yatatufuata hadi ndani ya nyumba. Mungu alimkabidhi Adamu bustani aitunze, si ale matunda yake tu. Hata hivyo, mzigo wa kutunza usiwekwe kichwani kwa mama peke yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupande miti ya kuni mipakani mwa shamba. Mjohoro hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena. Zungumza kwanza na baba watoto, kwa maana mti uliopandwa bila mapatano huweza kung'olewa msimu unaofuata.

Pili, tujenge majiko banifu ya udongo. Hula kuni chache kuliko mafiga, na moshi machoni hupungua. Maharage nayo tuyaloweke tangu usiku.

Tatu, tusikae kimya mkutanoni. Hifadhi husaidia miradi ya vijiji jirani, kama shule na zahanati. Ni vyema, lakini kitalu cha miche na majiko pia ni maendeleo. Nani atalisema hilo kama si yule anayepika? Simama, dada, useme kwa adabu, na useme mpaka liandikwe.

Mlima utatunzwa na majirani zake iwapo nao wanapata kuwapikia watoto wao. Mungu awabariki pamoja na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.