Kitenzi Kimoja Mbele ya Mashine

Miwani ya uhalisia mseto humwonyesha mfanyakazi anayefunzwa maagizo yakielea juu ya mashine yenyewe. Wabunifu hujadili rangi na mishale. Mimi nauliza kuhusu kitenzi. Tuseme miwani hiyo imefika mgodini Kolwezi na imeandika: «Funga». Afunge nini, vipi? Azibe vali, akaze nati, au atie kufuli swichi ya umeme, mwenzake aliye ndani ya mashine asije akauawa? Kifaransa kina kitenzi kwa kila kazi. Tafsiri ya haraka huzichanganya. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Basi wanaisimu tuingie karakanani kabla maagizo hayajaandikwa, tusikilize mafundi wanavyoambiana, tukusanye vitenzi vyao. Hiyo nayo ni isimu.